Kalanga, Kinu na Barua za Kapiteni

"Huyu bwana anaandikiaka nani?"

Mama Bijou aliniuliza hivyo akiwa ameshika barua ya mumewe kwa ncha za vidole, kama kitu alichokiokota mtaroni. Jina lake lilikuwa juu ya bahasha. Nilikuwa nimemsomea barua yote kwa sauti na kuitafsiri neno kwa neno. Nilikuwa na diploma ya chuo kikuu. Nikalisoma tena jina kwenye bahasha.

Nitafika huko. Ninyi wawili mnaobaki kwenye kaunta mmeniomba niandike namna kazi ilivyokuwa kabla kibanda chetu hakijageuka kuwa mahali pa fotokopi na vocha za simu. Basi, nimestaafu. Hapa Makomeno, mtaa wetu wa Lubumbashi kusini mwa Kongo, watu wanacheka nikisema hivyo, kwa sababu umri wangu haujakaribia hata kidogo. Lakini kazi ya kuwaandikia na kuwasomea watu barua ndiyo iliyostaafu, mimi nimeifuata tu mlangoni. Hakukuwa na sherehe. Papa Sylvestre angetaka iwepo, tena yenye hotuba, lakini alikuwa ameshatutangulia.

Papa Sylvestre ndiye aliyeanzisha kibanda. Alizaliwa kaskazini, mtoto wa mtu wa reli, na yeye mwenyewe alikuwa karani wa reli mpaka treni zikawa habari ya kuhadithia. Alivaa tai kila siku ya kazi, hata mvua iliponyesha ndani. Alikuwa na mashine ya kuandikia yenye herufi "e" iliyokatika mkia, na Kifaransa ambacho hakikukatika mahali popote.

Siku yangu ya kwanza alinipa mteja, kijana aliyetafuta kazi ya ulinzi kwenye mgodi wa Ruashi. Niliandika mistari minne: jina, umri, ana afya, anaomba kazi. Papa Sylvestre aliisoma akiwa amesimama.

"Hii ni barua ao ni télégramme?"

"Papa, amesema anaomba kazi. Nimeandika anaomba kazi."

"Mutoto yangu, muntu haombake kazi vile. Anapata kwanza heshima ya kuomba."

Akakaa, akaandika aya mbili ambamo kijana alikuwa na heshima kubwa ya kuja, kwa unyenyekevu, mbele ya wema mkuu wa bwana mkurugenzi. Ombi lenyewe lilijitokeza karibu na sahihi, limechoka. Kijana alifurahi mno. Kazi hakuipata, lakini aliitunza nakala.

Niliuliza maswali mengi mwaka ule. Kwa nini barua zote ziwe kwa Kifaransa wakati anayeandika anasema Kiswahili na anayeandikiwa anasema Kiswahili? Kwa nini mama wa Ruashi amwambie mwanawe aliye Mokambo "mon cher fils", mwanangu mpendwa, wakati tangu azaliwe hajamwita hivyo hata mara moja? Papa Sylvestre alinijibu bila kuacha kupiga chapa.

"Kiswahili ni ya kusema. Français ni ya kuandika. Ukiandikia muntu Kiswahili, atafikiri hukusoma."

"Na kama kweli hukusoma?"

"Njo maana tuko hapa."

Sikuridhika, ila nilijifunza kazi. Nitawapa mambo machache ambayo bado yanaweza kuwafaa, hata kwenye fotokopi. Kiti cha mteja kigeuzieni mgongo barabara, ili anayepita asione uso wake. Barua ya mtu isomeni kimya kwanza, yote, kabla ya kufungua mdomo, maana ukikutana na habari ya msiba katikati ya sentensi uso wako utaisoma kabla ya sauti. Na msimpe mteja maji kabla ya kusoma. Ukimpa maji anajua.

Mama Bijou alikuja kwetu mwaka wangu wa pili. Alikuwa mama wa watoto wanne, mpana wa mabega, na sauti iliyozoea kuvuka nyua mbili. Mumewe, Kapiteni Banza, alikuwa amepelekwa vitani mashariki. Mtauliza: na simu? Niliuliza pia. Kule alikokuwa mtandao haukufika, na pale ulipofika wakubwa walizikusanya simu, kwa sababu adui naye ana masikio. Barua zililetwa na padri mmoja wa jeshi ambaye alirudi Lubumbashi mara kwa mara kutibiwa meno. Meno ya padri ndiyo yalikuwa posta yetu. Kila alipopona tuliingiwa na wasiwasi.

Nilitegemea barua za vita. Nilikuwa nimesoma vitabu, nilidhani najua afisa anamwandikia nini mke wake: hofu kidogo, mapenzi kidogo, nyota. Nikafungua ya kwanza, nikaisoma kimya kama nilivyofundishwa, nikaisoma tena nikidhani nimeruka ukurasa. Kwa Kiswahili ilikuwa hivi:

"Mke wangu, nimepokea ripoti yako ya Jumapili. Habari za mama na kalanga hazieleweki. Eleza upya. Nani alisema kwanza? Mama alikuwa amesimama au amekaa? Jogoo wa jirani anaendelea kuwika usiku? Bijou alipata ngapi kwenye hesabu? Usiache kitu. Nawasalimu wote."

Habari za mama na kalanga ni hizi. Mama mkwe wake Mama Bijou, aliyeishi nao, alishikilia kwamba sombe haiwekwi kalanga, yaani karanga. Sombe ni majani ya muhogo, mafuta ya mawese, chumvi, basi. Mama Bijou aliweka kalanga za kusaga, kama kwao. Vita hivyo vilikuwa vimedumu tangu harusi. Mama Bijou alikuwa amevitaja kwenye barua yake ya kwanza kwa kupita tu, na sasa Kapiteni, katikati ya vita vingine, alidai ramani yake.

"Andika," Mama Bijou aliniambia. "Mama yake alikuwa amesimama. Alikamata mwiko. Alisema, 'Mutoto yangu alikondaka juu ya hizi kalanga.' Mie nikamuambia, 'Mama, mutoto yako alinenepeaka hapa, alikuya hapa kama fito ya bendera.'"

Mimi nilitafsiri, na Papa Sylvestre alipitia. Fito ya bendera aliifuta. Badala yake Mama Bijou alimkumbusha mumewe, kwa heshima, kwamba hali yake ya kimwili ilikuwa imeboreka tangu ndoa.

Hivyo ndivyo tulivyoendelea. Padri aliumwa jino, barua ikaja. Kapiteni hakuandika kamwe neno moja la vita. Hakuandika kama anaogopa, kama ni mgonjwa, kama amemkumbuka. Aliuliza jogoo wa jirani kama amechinjwa. Aliuliza Mama alisema nini safari hii, na Mama Bijou alijibu nini, na Mama alitoka jikoni kwa mlango gani. Aliposema kitu kumhusu mkewe ilikuwa: "Jibu lako la mwisho kwa Mama lilikuwa zuri. Endelea hivyo." Afisa anampongeza koplo.

"Na mie?" Mama Bijou alikuwa akiniuliza kila nilipofika mwisho. "Anauliza mie niko namna gani?"

"Anasema anawasalimu wote."

"Bote ni nani? Jogoo pia?"

Ndipo ilipokuja ile barua. Niliisoma kimya, na nilijua haitapokelewa vizuri, ila kanuni ya kutotoa maji niliishika. Kapiteni aliandika hivi: "Eleza namna ya kupika sombe, tangu kuchuma majani. Kutwanga kwa muda gani? Mafuta yanaingia lini? Kalanga zinaingia lini, na ni kwa kiasi gani? Na kama mtu hana kinu, atumie nini? Nawasalimu wote."

Mama Bijou alisogeza kiti karibu nami. Huko nje mtu aliyeuza mayai ya kuchemsha alipita akigonga ndoo yake, akaenda mpaka sauti ikaisha.

"Rudilia pa kinu."

Nikarudilia: kama mtu hana kinu.

"Huyu bwana alikula sombe yangu miaka yote. Hajawahi kuuliza mafuta inaingia saa ngapi. Sasa anauliza." Alianza kukunja barua, akaikunja mpaka ikawa ndogo kuliko ilivyowezekana. "Kuko bibi kule. Na huyo bibi haina kinu."

"Pengine ni swali tu, Mama."

"Wee ulisoma université. Niambie. Muanaume anaulizaka kinu ya nini?"

Nilijaribu. Mimi ni mtu wa kutoamini chochote mpaka nikione, na nilitafuta maelezo mengine kwa bidii zote, lakini kila nililolipata lilikuwa dhaifu kuliko mwanamke asiye na kinu. Hapo ndipo alipoikunjua tena barua, akaishika kwa ncha za vidole na kuniuliza swali nililoanza nalo. Anaandikiaka nani? Kwa sababu kama ni yeye anayeandikiwa, kwa nini haulizwi yeye?

Siku chache baadaye alirudi. Alikuwa amefanya uamuzi, na aliutangaza kabla ya kukaa. Dada yake mkubwa, yaya kama tunavyosema hapa, alikuwa na duka la vyakula Mokambo, mpakani, naye alimwambia aje na watoto: kule kuna biashara, na hakuna barua. Mifuko ilikuwa imeshafungwa. Zilibaki sufuria na kinu.

"Yaya anasema nisiulize, nikuye tu. Lakini mie nitauliza mara moja. Akinijibu mambo ya jogoo, naenda. Akinijibu ya mama yake, naenda. Andikeni."

Papa Sylvestre alijua uzito wa jambo. Aliweka karatasi mpya mwenyewe, akanyoosha tai. Mama Bijou alisema maneno yake, tena kwa sauti ya kuvuka nyua mbili. Papa Sylvestre alisikiliza akiwa amefumba macho, akapiga chapa kwa muda, akatusomea. Mama Bijou alikuwa anajiruhusu kumwomba mume wake mpendwa, ikiwa si usumbufu, amwondolee shaka fulani iliyotokana na maulizo yake ya mwisho kuhusu vyombo vya jikoni.

Nikasema, "Papa, hii haiko yeye."

"Ni yeye, na nguo za kanisani."

"Kapiteni atajibu nguo. Atasema anawasalimu wote."

"Mademoiselle, naandika barua tangu mama yako hajakuzaa."

"Najua, Papa. Na huyu mama iko naenda Mokambo na batoto bane kwa sababu ya barua zetu."

Hilo halikuwa haki. Barua zilikuwa za Kapiteni. Lakini nilikuwa nimechoka kuchukua fito ya bendera na kuirudisha ikiwa hali ya kimwili. Nikamgeukia Mama Bijou, nikamuuliza kitu ambacho hatukuwahi kumuuliza katika muda wote ule.

"Mama, Kiswahili unasomaka?"

Alinitazama kama nimemuuliza kama anajua kutembea. "Mie njo nasomaka somo la kwanza, misa ya asubui. Ulifikiri nini?"

"Na Baba Bijou?"

"Tulikutanaka kwa korali ya kanisa. Nyimbo yote ni Kiswahili."

Papa Sylvestre aliinua macho. Tulikuwa tumewatafsiria watu wawili wanaosoma lugha moja, tangu mwanzo, kwa sababu hakuna hata mmoja kati yao aliyefikiri kwamba barua inaweza kuandikwa kwa maneno yale yale ambayo watu wanayasema. Wala sisi. Kapiteni ni afisa, afisa anaandika Kifaransa. Mke wa afisa anajibu Kifaransa, na kama hana, anakinunua kwetu.

"Fanyeni vile munataka," Papa Sylvestre alisema, akatoka nje kuangalia kama mvua inakuja. Kilikuwa kiangazi.

Mama Bijou angeweza kuiandika mwenyewe, lakini alisema mkono wake unaandika polepole, na hasira yake haitaki kungoja mkono. Akasema, nikaandika kwa kalamu, na sikufuta kitu. Naikumbuka yote kwa sababu ilikuwa fupi.

"Baba Bijou, hii ni mie. Kinu yangu iko hapa. Kama kuko bibi kule, akuye kuikamata yeye mwenyewe, na akuye na weye, nibaone. Mifuko nilifunga. Yaya wa Mokambo anatungojea. Kama hakuna bibi, uniambie kinu ni ya nani. Mama yako iko muzuri, jogoo iko muzuri. Usiniulize kalanga. Uniulize mie."

Padri aliichukua. Tukangoja jino lake.

Sijui kama mmewahi kungoja mtu mwingine aumwe. Nilipita mara kwa mara mbele ya nyumba ya Mama Bijou, ambayo haikuwa njiani mwangu. Mifuko ile ya mistari ilikuwa imepangwa kwenye baraza, na watoto walikuwa wameigeuza viti. Mama mkwe naye aliikalia. Alikuwa amesema waziwazi kwamba kama mkwe wake anaenda, yeye pia anaenda, kwa sababu hawezi kubaki na jogoo peke yake. Sombe, nilisikia, ilikuwa ikipikwa pale bila mtu kubishana, na hilo lilinitisha kuliko mifuko.

Jibu lilifika. Mama Bijou aliingia na bahasha bado imefungwa, akakaa kwenye kiti kilichogeuzia mgongo barabara, akanipa. Niliifungua, nikaanza kuisoma kimya. Nilifika "Mama Bijou, hii ni mie" nikasimama. Ilikuwa Kiswahili, na mwandiko ulikuwa wa mtu asiyezoea: ametenganisha maneno pasipotakiwa, ameyaunganisha mengine.

Nikamrudishia. "Mama, hii ni yako ya kusoma."

Aliisoma palepale, midomo ikicheza bila sauti, kama mtu anayejiandaa kwa somo la kwanza. Aliigeuza, akasoma nyuma. Papa Sylvestre alijifanya anasafisha herufi za mashine. Mimi sikujifanya kitu, nilimtazama. Mara moja alitoa sauti fupi kwa pua, ambayo ingeweza kuwa kicheko au mafua. Kisha akaikunja mara moja tu, akaiingiza kwenye blauzi.

"Anasema nini, Mama?" nikauliza. Hiyo ilikuwa kinyume cha kila kanuni ya kazi.

"Anasalimia."

"Anasalimia bote?"

"Hapana," akasema, akaondoka.

Jioni ile mifuko haikuwa kwenye baraza: ilikuwa imerudishwa ndani na kufunguliwa. Tulikuwa tumempoteza mteja wetu bora: sasa aliandika mwenyewe. Papa Sylvestre alilitaja hilo mara kadhaa kwa miaka iliyobaki, si kwa uchungu, kama mtu anayetaja hali ya hewa. Baada ya hapo nilianza kuwauliza wateja wote kama wanasoma Kiswahili. Wengi walikuwa wanasoma. Mkitafuta aliyeiua kazi hii, msihangaike na simu.

Kapiteni alirudi, baadaye sana. Nilimtambua kwa wembamba: kweli alikuwa fito ya bendera. Alikuja kutoa fotokopi ya kitambulisho, pande zote mbili. Nilingoja aseme kitu. Alisema "merci", akaangalia kama fotokopi imetoka wazi, akaenda. Sikumuuliza, na mnajua ninavyouliza.

Mwaka huu, wiki zangu za mwisho kabisa kwenye kaunta, aliingia kijana mmoja anayechechemea, akataka fotokopi za karatasi za hospitali ya jeshi. Anaitwa Ilunga. Wakati mashine ikipata joto alitazama nje na kuuliza kama hapa ni karibu na kwa Kapiteni Banza. Nikasema ni mitaa michache tu.

"Na ule mama yake, iko muzima? Alikubaliaka kalanga?"

Niliacha karatasi ikwame.

"Wewe ulijuaje mambo ya kalanga?"

"Shiye askari bote tulijua, Yaya. Kapiteni alikuwa anatusomea. Barua za bengine hazikufikaka. Sasa ya kwake ikifika, tunakaa kwa masanduku ya risasi, anasoma na Français, anarudisha na Swahili. Bamoja balikuwa upande ya mama, bengine upande ya bibi yake. Mie nilikuwa ya bibi. Tulipiganaka juu ya ule jogoo." Alicheka, akaacha. "Maulizo yote ilikuwa ya shiye. Yeye alikuwa anaandika tu. Mara moja tulipata shamba ya muhogo, benyewe balikimbia. Tukasema, mon capitaine, uliza namna ya kupika. Haina kinu, tulitwangia ndani ya casque, kofia ya chuma."

"Ilikuwa tamu?"

"Mubaya sana."

Nikamuuliza kama anaikumbuka barua moja iliyoandikwa kwa kalamu, kwa Kiswahili. Nilieleza: fupi, ya hasira, kuhusu kinu. Nilitaka kujua waliipokeaje, na upande wa bibi ulisema nini.

Ilunga alifikiri. Aliikumbuka bahasha, kwa sababu wakati ule walikuwa wamebaki wachache, na wote waliobaki walikuja kukaa. Kapiteni aliifungua mbele yao kama kawaida. Aliisoma peke yake, midomo ikicheza. Wakangoja. Mmoja akasema, "Mon capitaine, belle-mère, ule mama mukwe, anasema nini leo?" Kapiteni akasema leo haina barua. Yule mmoja akasema, na hiyo iko kwa mukono?

"Akasema, 'Hii ni ya kwangu,'" Ilunga alisema. "Ile moja hakutusomea."